KUKAGUA NYUMBA
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Wazee wetu, mama zetu, na vijana mlioketi darasani huko Mbinga, Litembo, Liuli na Mbamba Bay, chukueni madaftari na penseli. Kiongozi wa darasa na aandike ubaoni neno la leo: UKAGUZI.

Neno hili latoka katika kitenzi "kukagua". Kukagua ni kutazama kitu kwa makini ili kujua uzima wake na ubovu wake. Mnunuzi wa kahawa hukagua kahawa yako kabla ya kuipima. Hushika punje, huzinusa, hutazama rangi yake. Wewe hukasiriki, maana wajua kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mkulima huyo huyo akisha kupokea fedha za kahawa huenda kununua nyumba. Huizunguka mara moja, husifu rangi ya mlango, hulipa. Nyumba ameikagua kidogo kuliko kahawa yake ilivyokaguliwa.

Tena atazame wakati anaponunua. Fedha za kahawa huja wakati wa kiangazi, na wakati huo kila nyumba ni kavu. Paa linalovuja halivuji mwezi wa Agosti. Ukuta unaonyonya maji huonekana mzima. Mvua zikianza mwezi wa Novemba au Desemba, ndipo mwenye nyumba mpya huweka masufuria chini ya matone. Fedha za misimu mitatu zimekwisha, na muuzaji amekwenda zake.

Katika nchi nyingine kazi ya kukagua nyumba ni kazi kamili ya mtu. Marekani wakaguzi wa nyumba waliunda chama chao mwaka 1976. Kwetu kazi hiyo hugawanywa. Mhandisi wa ujenzi hutazama msingi, kuta na paa. Fundi umeme hutazama nyaya. Mpima ardhi hutazama mipaka ya kiwanja. Mthamini hukadiria thamani. Msichanganye ukaguzi na uthamini. Mthamini hujibu swali, "Nyumba hii yafaa bei gani?" Mkaguzi hujibu swali, "Nyumba hii ina ugonjwa gani?"

Sasa tutazame aina tano za ukaguzi.

AINA YA KWANZA: UKAGUZI WA MNUNUZI

Ukaguzi huu hufanywa kabla ya kulipa hata shilingi moja. Mnunuzi ndiye anayemchagua mkaguzi, na mnunuzi ndiye anayemlipa. Haifai kumtumia fundi aliyeletwa na muuzaji.

Mkaguzi huanza nje, kwenye ardhi. Huku milimani Umatengo nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko. Mababu wa Wamatengo walijua nguvu ya maji ya mlimani, ndiyo maana kwa vizazi vingi wamelima kwa ngoro, yaani mashimo yanayoyashika maji ili yasichukue udongo. Shambani tunataka maji yakae. Nyumbani twataka yaende zake. Basi tazama: je, upande wa juu wa nyumba pana mfereji wa kuyageuza maji? Au maji ya mlima mzima huja kugonga ukuta wa nyuma? Tena tazama kama msingi umebaki wazi kwa sababu udongo umechukuliwa.

Huko pwani ya ziwa jambo la kwanza ni ziwa lenyewe. Ziwa Nyasa halikai mahali pamoja. Tangu mwaka 1915 hadi miaka ya 1930 maji yalikuwa chini hata yakashindwa kutoka kwa njia ya mto Shire, huko kusini. Baadaye yakapanda, na kufikia mwaka 1980 yalikuwa juu kwa zaidi ya mita 6 kuliko mwaka 1915. Mtu anayekuambia, "Maji hayafiki hapa," huenda anasema kweli ya miaka kumi tu. Waulize wazee wa kijiji maji yalifika wapi zamani. Tafuta mstari wa tope ukutani. Halafu pima kwa hatua mpaka ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo yaweza kukuletea shauri baada ya kuinunua.

Kisha mkaguzi hutazama kuta. Chombo chake ni timazi, yaani kamba yenye uzito mwishoni. Nanyi mwaweza kutengeneza timazi kwa uzi na jiwe. Ishike juu ya ukuta, uzi ukae mbali na ukuta kwa upana wa kidole kimoja. Tazama chini. Kama chini upana ni ule ule, ukuta umesimama wima. Kama umezidi au umepungua, ukuta unalala.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu mara nyingi ni wa lipu tu. Ufa unaopanda kwa ngazi, ukifuata viungo vya matofali, huonyesha kwamba msingi umeshuka upande mmoja. Ufa unaoingiza penseli usingoje: mwite mhandisi. Tena jihadhari na sehemu moja ya ukuta iliyopakwa lipu mpya au rangi mpya. Uliza kwa adabu, "Ndugu, hapa palikuwa na nini?"

Matofali ya kuchoma yasiyoiva ni adui aliyejificha. Gonga tofali mbili pamoja. Zilizoiva hulia kama chuma; zisizoiva hulia kama udongo. Ukipata tofali lililobaki uani, liloweke katika ndoo ya maji usiku kucha. Lililoiva halitayeyuka.

Mwisho ni paa. Ingia ndani saa sita mchana, funga milango na madirisha, utazame juu. Kila tundu la bati litaonekana kama nyota. Tazama kama kenchi zimefungwa barabara kwenye ukuta kwa waya au chuma, maana upepo wa ziwani hauombi ruhusa.

Baada ya nyumba, kagua haki. Uliza nyumba ni ya nani. Kama ardhi ni ya kijiji, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na uuzaji wataka kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukiambiwa, "Mke wangu yuko safarini, tumalizane sisi wawili," ngoja mama arudi.

AINA YA PILI: UKAGUZI WA MUUZAJI

Mtu aweza kuuliza, "Mimi nauza, kwa nini nijikague mwenyewe?" Sababu ni tatu. Kwanza, ubovu mdogo ukitengenezwa mapema haupunguzi bei sana. Pili, muuzaji mwenye karatasi ya mkaguzi husema bei yake bila kutetereka. Tatu, nchi yetu ni ya majirani. Ukificha ubovu, utakutana na mnunuzi wako mnadani, kanisani, msikitini na msibani.

Tufanye hesabu. Tuseme nyumba inauzwa shilingi 9,000,000. Mkaguzi ameandika ubovu wa namna tatu: mabati ya kubadilisha, shilingi 400,000, lipu ya ukuta wa nyuma, shilingi 250,000, choo kipya, shilingi 650,000. Jumlisheni. Jawabu ni shilingi 1,300,000. Mnunuzi aweza kusema, "Nitalipa 7,700,000 nitengeneze mwenyewe." Au muuzaji aweza kutengeneza kwanza, kisha adai bei yake kamili. Hapana ugomvi, maana wote wawili wanasoma karatasi moja. Hapo ndipo faida ya kusoma na kuhesabu inapoonekana.

AINA YA TATU: UKAGUZI WA NYUMBA INAYOJENGWA

Nyumba mpya hukaguliwa mara nne: shimo la msingi likisha kuchimbwa, kabla ya kujaza, kabla ya kumwaga zege la lenta, nondo zikiwa bado zinaonekana, paa likisha kusimama, kabla ya dari, na mwisho, kabla ya kuhamia. Ukichelewa, ubovu hufunikwa. Hapana mtu awezaye kuona nondo ndani ya zege kwa macho.

Msidhani kwamba kuta za matofali pekee huimarisha nyumba. Mwezi wa Desemba 2009 nchi ilitetemeka mara nyingi huko Karonga, ng'ambo ya ziwa letu, na nyumba nyingi zikaanguka. Tarehe 10 Septemba 2016 ikatetemeka Bukoba, na watu wakafa chini ya kuta za nyumba zao. Sisi pia tumekaa katika Bonde la Ufa. Lenta inayozunguka nyumba nzima kama mshipi huzishika kuta zisiachane. Na si matetemeko peke yake. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya 20. Nyumba yaweza kuanguka mchana, watu wakiwa kazini.

AINA YA NNE: UKAGUZI WA KILA MWAKA

Huu ni wa mwenye nyumba asiyeuza wala kununua. Wakati mzuri ni mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Zibua mifereji. Kaza misumari ya bati. Kata matawi yanayogusa paa. Tazama zile nyufa za mwaka jana: andika tarehe kwa penseli mahali ufa unapoishia. Mwaka ujao, ufa ukipita alama, unatembea. Ukibaki palepale, umetulia.

Ukaguzi huu hauna gharama kubwa, lakini huokoa nyumba nyingi kuliko aina nyingine zote. Msumari mmoja uliolegea leo ni bati lililopeperuka kesho.

AINA YA TANO: UKAGUZI WA JAMBO MOJA

Wakati mwingine hatuhitaji kukagua nyumba nzima. Twataka kujua jambo moja.

Mchwa. Tafuta vijia vya udongo ukutani, kwenye miimo ya milango na kwenye kenchi. Gonga mbao. Ikilia kama ngoma, mchwa wamekwisha kula ndani. Choma kwa ncha ya kisu.

Umeme. Msifungue kitu wenyewe. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Ninyi tazameni tu: je, pana alama za kuungua penye soketi? Pana harufu ya plastiki? Pana waya wa kuingia ardhini? Kama jibu lawatia shaka, zimeni swichi kubwa, mkamwite fundi.

Choo na maji. Choo cha shimo kikae mbali na kisima, si chini ya mita 30, na kwenye mteremko kikae upande wa chini. Huku milimani watu wengine husahau, wakachimba choo juu na kisima chini.

Baada ya maafa. Mafuriko au tetemeko likipita, msirudi kulala ndani kabla mtu mwenye ujuzi hajatazama kuta na paa.

KARATASI YA UKAGUZI

Maneno ya mdomo huruka. Mwambieni mkaguzi aandike tarehe, jina lake, mambo aliyoyaona, na mambo ambayo hakuweza kuyaona. Hili la mwisho ni kubwa. Mkaguzi mwema huandika, "Sikuweza kupanda darini," kuliko kusema kwamba dari ni zima. Tena si vema mkaguzi yule yule apewe kazi ya kutengeneza ubovu alioutaja, maana ataona ubovu mwingi kuliko ulioko.

Mtu akikosa fedha za mhandisi, aende kwenye ofisi ya halmashauri yake, Mbinga au Nyasa, akaulize idara ya ujenzi. Kuuliza si aibu. Aibu ni kuwaingiza watoto katika nyumba ambayo hukuitazama.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini ni vigumu kuona ubovu wa nyumba wakati wa kiangazi?
2. Ukaguzi na uthamini hutofautianaje?
3. Nyumba inauzwa shilingi 6,500,000. Matengenezo ni shilingi 380,000 na shilingi 720,000. Mnunuzi atasema bei gani?
4. Jadilini: je, muuzaji ana wajibu wa kutaja ubovu ambao mnunuzi hakuuliza?

KAZI YA NYUMBANI

Tengeneza timazi. Pima ukuta mmoja wa nyumba unayolala. Tafuta ufa mmoja, utie alama ya penseli na tarehe ya leo. Andika sentensi tatu juu ya ulivyoona, uzilete darasani juma lijalo.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.