Darubini ya kutazamia wanyama: Namba kubwa isikuhadae

Tangu Serikali ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, mkazi wa Nakuru hana idhini ya kufunga darubini juu ya bunduki ili kumlenga sungura au digidigi. Darubini anayoihitaji leo ni ya kutazamia tu, na hapo ndipo wengi hupoteza fedha, kwa kudhani kwamba inayokuza zaidi ndiyo bora.

Kila darubini huandikwa namba mbili, mathalani 8x42. Ya kwanza ni kiwango cha ukuzaji. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaolifikia jicho: milimita 5.25. Darubini ya 20x50, ijapokuwa yavutia dukani, hutoa milimita 2.5 pekee. Alfajiri, saa ambayo wanyama wengi hutembea, picha yake huwa hafifu. Isitoshe, mtikisiko wa mkono nao hukuzwa mara 20, na eneo linaloonekana huwa finyu. Kundi la heroe wa Ziwa Bogoria, walikohamia wengi baada ya maji ya Ziwa Nakuru kufurika na kupoteza ukali wa magadi, haliwezi kuenea humo. Chombo hicho chafaa kuwekwa juu ya kigoda cha miguu mitatu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aishike darubini mbali kidogo na uso, aielekeze penye mwanga. Kiduara cheupe kwenye lenzi ya jicho kikionekana na pembe badala ya kuwa mviringo kamili, vioo vya ndani ni duni.