Mwanao akipangiwa maktaba ya kijiji, mwache aende

Kijana anayesomea ukutubi hapati cheti kwa kukaa darasani tu. Hapana budi aende maktaba fulani kwa mafunzo ya vitendo, akafanye kazi chini ya macho ya wenyeji wa kazi. Akipangiwa Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba, 1967, nyumba nzima hufurahi. Lakini akipangiwa chumba kimoja chenye rafu chache huko mashambani, mama huingiwa na huzuni, na baba huanza kuulizia ni nani anayeweza kusaidia ili kijana abadilishiwe kituo. Makala haya yanakuomba wewe mzazi usifanye hivyo.

Ukutubi ni taaluma kamili. Mwaka 1963 ilianzishwa huko Makerere shule ya ukutubi iliyowafundisha vijana wa Afrika Mashariki, na tangu 1989 tunacho chuo chetu wenyewe Bagamoyo. Darasani mwanafunzi hufundishwa utaratibu wa Dewey, unaogawa elimu yote ya mwanadamu katika mafungu kumi kwa tarakimu. Hufundishwa kuorodhesha vitabu, kuviazimisha na kuvitunza. Mambo hayo yote ni ya lazima. Hata hivyo, katika maktaba kubwa huenda mgeni akapewa kipande kimoja tu cha kazi: wiki hii anagonga mihuri, wiki ijayo anarudisha vitabu rafuni. Katika maktaba ndogo yeye ndiye mfagiaji, ndiye karani wa rejista, ndiye mshauri wa wasomaji. Ataiona kazi nzima, mwanzo hadi mwisho.

MFANO WA KILAMBO

Chukua mfano wa kijiji kama Kilambo, kusini mwa mji wa Mtwara, mahali watu wanapovukia Mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Ni nchi ya mpunga bondeni, mikorosho katika ardhi ya juu, na uvuvi kuelekea mlango wa mto. Mwanafunzi akiwekwa mahali kama hapo, somo lake la kwanza litakuwa la saa. Amezoea kwamba ofisi hufunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri. Lakini asubuhi mkulima yuko shambani, mama yuko kisimani, na watoto wako shuleni. Kijana akikaa peke yake na vitabu vyake mpaka alasiri, atadhani watu wa huko hawapendi kusoma. Akithubutu kuomba ruhusa ya kufungua jioni, ataona benchi limejaa. Tatizo lilikuwa mlango, wala si watu.

Somo la pili ni la maswali. Mkulima hatakuja kuomba kitabu cha namba 634, ambako Dewey ameweka miti ya matunda. Atakuja kuuliza kwa nini maua ya mikorosho yake yamefunikwa na unga mweupe, kisha yakakauka bila kuzaa. Huo ni ugonjwa wa ubwiriunga, adui mkubwa wa zao la korosho, ambao wakulima hupambana nao kwa kupuliza salfa. Pengine rafuni hakuna hata kijitabu kimoja cha jambo hilo. Je, kijana amjibu mzee wa watu kwamba hakuna, kisha aendelee kupanga rafu? La hasha! Kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho korosho ni kazi yake kubwa, kiko karibu na mji wa Mtwara. Ataandika au atapiga simu kuomba vijitabu, atamtafuta bwana shamba, na jibu atalihifadhi kwa ajili ya mkulima wa pili atakayeuliza. Siku hiyo ndipo atakapoelewa kwamba mkutubi si mlinzi wa vitabu. Mkutubi ni mtu anayejua jibu liko wapi.

Mpakani kuna maswali yake pia. Ng'ambo ya Ruvuma lugha ya serikali ni Kireno, ijapokuwa Kimakonde na Kiswahili husikika kando zote mbili za mto. Mfanyabiashara anayevuka na bidhaa zake anaweza kuhitaji kamusi ya Kireno kuliko riwaya nzuri kupita zote. Aidha, kuna mambo madogo ambayo hayasubiri: mchwa, kuvu na unyevu. Kijana atajifunza kuitenga rafu na ukuta, kufunua vitabu mara kwa mara, na kushona kwa uzi na sindano kitabu kilichokatika.

WASOMAJI WALIOSAHAULIWA

Lakini liko jambo kubwa zaidi. Mwaka 1971 wilaya sita nchini zilipewa jukumu la kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka kwisha, na mojawapo ilikuwa Masasi, katika mkoa huo huo wa Mtwara. Mwaka 1967, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 nchini walikuwa hawajui kusoma. Kufikia mwaka 1986, hesabu za serikali zilionyesha kwamba wamebaki chini ya 10. Viongozi wa kisomo walitambua kuwa mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma atasahau, kwa hiyo zikaanzishwa maktaba za vijiji, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa.

Baadaye fedha zilipungua, vitabu vikachakaa bila kuletwa vingine, na nyingi za maktaba hizo zikafifia. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba waliojua kusoma na kuandika, miongoni mwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi, ni takriban 78 katika kila 100. Wale waliofundishwa chini ya mwembe wakiwa vijana sasa ni wazee. Mmoja wao akiingia maktaba na kusema, "Mjukuu wangu, nitafutie chenye herufi kubwa," kijana atakuwa amekutana na historia ya nchi yake ana kwa ana. Akimpatia kitabu, ataizuia elimu moja isipotee.

Basi, ndugu mzazi, badala ya kutafuta wa kumbadilishia kituo, mfungashie mwanao chandarua, tochi, na vitabu vile vinavyoliwa na vumbi chini ya kitanda chako. Nanyi wakuu wa vyuo, msimpeleke kijana mbali bila posho ya kumtosha na bila mwalimu wa kwenda kumkagua, kwani mwanafunzi mwenye njaa hajifunzi kitu.

Atakaporudi, usimwulize kwanza kama kulikuwa na umeme. Mwulize ni nani walioingia mlangoni, walitaka kujua nini, na wangapi waliondoka na jibu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanao akiweza kukutajia hata mwenyeji mmoja aliyepona, ujue tayari unaye mkutubi nyumbani.