Dereva Mwenye Kesi Anapotafuta Trela

Kazi yangu ni kuajiri madereva. Nasimamia malori ya tajiri mmoja hapa Migori. Magari yake hubeba mahindi kutoka Isebania, sukari ya Awendo na samaki wa Homa Bay, na machache huteremka hadi Mombasa kuchukua kontena za kuvuka mpaka wa Malaba. Anayetafuta usukani hupita kwangu kwanza kabla hajamwona tajiri. Wengi wanaokuja ni madereva hodari, na wengi kati yao, kuliko watu wanavyodhani, wamewahi kusimama kizimbani.

Leseni huwekwa mezani haraka, tena kwa majivuno, hasa ikiwa ni ya daraja la CE, ile inayomruhusu mtu kuvuta trela. Cheti cha tabia njema hubaki mfukoni mpaka nikiulizie.

Cheti hicho hutolewa na idara ya upelelezi wa jinai, DCI. Unaomba kupitia eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Huna haja ya kupanda basi la usiku hadi Nairobi. Vituo vya Huduma vya Migori na Homa Bay vinafanya kazi hiyo. Alama zako ndizo zinazolinganishwa na kumbukumbu za polisi, na hapo ndipo kesi uliyoisahau hufufuka.

Alinijia kijana mmoja kutoka Kanyamkago. Alikuwa ameshanyimwa kazi Mombasa, na hakuambiwa sababu zaidi ya kwamba “ana rekodi.” Nilipomdadisi, akaeleza kwamba miaka mingi nyuma aligombana na binamu yake juu ya mpaka wa shamba, wakashikana, akashtakiwa kwa shambulio. Wazee wakaketi, binamu akakubali yaishe.

“Kesi ilikwisha, Mama.”

“Ilikwishaje?”

Akanyamaza. Hakujua.

Swali hilo ndilo hubeba kila kitu. Mlalamishi akisamehe na mashtaka yakaondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kabla mtu hajaitwa kujitetea, anaachiliwa, lakini hajaondolewa hatia. Upande wa mashtaka unaweza kumrudisha kortini kwa jambo lilelile. Aliyeachiliwa chini ya kifungu cha 210, mahakama ikiona hana kesi ya kujibu, au cha 215, baada ya ushahidi wote kusikizwa, huyo ametoka akiwa hana hatia. Mtaani wote watatu husema “kesi ilikwisha.” Alama za vidole walizotoa siku ya kukamatwa zipo, na kama habari za mwisho wa kesi hazikufika kwenye kumbukumbu za DCI, jina linabaki likining'inia.

Basi nikamtuma masjala ya mahakama, akaombe nakala zilizothibitishwa za mwenendo wa kesi yake na uamuzi, azipeleke DCI, na seti nyingine aiweke kwenye bahasha yake ya kutafutia kazi. Aliporudi na karatasi zenye muhuri, nilizisoma mbele yake mstari kwa mstari. Hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Kijana alikuwa amebeba ugomvi wa mpaka wa shamba kana kwamba ameua mtu, na kampuni zilizomkataa zilisoma neno moja tu kwenye karatasi na kumwonyesha mlango.

Ajali ni jambo zito zaidi, na siwalaumu matajiri wanaoziogopa. Tarehe 30 Juni 2023, lori lenye kontena liliwavamia watu kwenye njiapanda ya Londiani, na zaidi ya watu 50 wakafa, wachuuzi na abiria waliokuwa kandokando ya barabara. Baada ya siku ile, neno “ajali” kwenye historia ya dereva linatosha kumkatia mtu simu. Anayepatikana na hatia ya kusababisha kifo kwa kuendesha gari, chini ya kifungu cha 46 cha sheria ya trafiki, anaweza kufungwa hadi miaka 10, na leseni yake huondoka pia. Akitoka jela, ni nani wa kumpa trela?

Lakini kuna jambo ambalo cheti hakiandiki, nalo linaniumiza. Sheria ya trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Nawajua madereva waliopakia Mombasa jioni na kupigiwa simu na tajiri usiku kucha: umefika wapi, mbona gari limesimama, mwenzako ameshapita Salgaa. Gari likianguka alfajiri, anayeshtakiwa ni aliyeshika usukani. Simu zile hazina kumbukumbu kortini. Breki ambazo dereva aliziripoti na kuambiwa “peleka hivyohivyo, utatengeneza ukirudi” nazo hazionekani kwenye cheti. Doa lote analibeba yeye peke yake, na tajiri huajiri dereva mwingine wiki inayofuata.

Kwa hiyo mwenye ajali namwambia alete hukumu, abstrakti ya polisi na ripoti ya mkaguzi wa magari. Ripoti hiyo ndiyo ninayoifungua kwanza, kwa sababu inaonyesha breki na tairi zilikuwa na hali gani. Kisha namkabidhi kwa dereva wetu mkongwe, ambaye gereji nzima humwita Jaduong'. Wanatoka Migori na lori lenye mzigo, wanapita Rongo, wanapanda milima ya Kisii, halafu wanarudi. Jaduong' hukaa kiti cha abiria na hasemi neno. Anaangalia kama mtu atazunguka gari kabla ya kuondoka, apige tairi kwa chuma na kusikiliza mlio wake, atoe maji kwenye matangi ya upepo, akanyage breki huku injini imezimwa na kutazama kama mshale wa upepo unashuka. Kwenye mteremko anaangalia jambo moja: ameweka gia nzito kabla ya kilele, au anangoja gari lishike kasi ndipo aanze kuhangaika na breki? Wengine waliowahi kuachwa na breki hufanya haya yote bila kukumbushwa. Nimeona madereva wenye vyeti safi kabisa wakishuka kilima cha Kisii na gia nyepesi, wakichezea simu.

Kuna doa nisilolitetea. Aliyepatikana na hatia ya kunyonya dizeli au kuuza mzigo wa watu simpi gari la transiti, yaani la mzigo wa kuvuka mpaka. Mzigo wa transiti unasafiri chini ya dhamana ya ushuru, kontena imefungwa lakiri ya kielektroniki ambayo KRA huifuatilia safari nzima, na mzigo ukipotea njiani kodi yake inadaiwa. Anaweza kuanza na mchanga au miwa, mahali ambapo safari ni fupi na macho ni mengi. Na mwenye kesi ya ulevi barabarani, akija kwangu ananuka pombe asubuhi, mazungumzo yanaishia hapo.

Wengine wote huanza chini pia, na wengi hukasirika nikiwaambia hivyo. Mtu amewahi kufika Kigali na Juba, leo aambiwe abebe mahindi kutoka Isebania hadi Kisumu! Lakini anachokosa kwa sasa ni ushahidi wa karibuni, na njia hiyo fupi inaweza kumpatia. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inadai mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na inampa mfanyakazi haki ya cheti cha utumishi anapoacha kazi, mradi amefanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Madereva wetu huajiriwa kwa simu na kuachishwa kwa simu, wakaondoka bila karatasi hata moja. Mwenye rekodi safi anaweza kumudu uzembe huo. Wewe mwenye kesi, dai cheti chako kila unapoondoka. Tajiri akisita, mkumbushe kwa heshima kwamba haombwi sifa, anaombwa jina, aina ya kazi na tarehe ulizofanya.

Usiwape pesa wale wanaozunguka stejini wakiahidi “kusafisha” rekodi au kukupatia cheti cha haraka. Nimeletewa vyeti vya namna hiyo. Kuwasilisha cheti cha kughushi ni kosa jipya la jinai, na hapo mtu aliyekuwa na ugomvi wa zamani wa shamba anajitengenezea kesi ambayo hata mimi siwezi kumtetea mbele ya tajiri.

Kijana wa Kanyamkago anaendesha lori letu la Isebania sasa. Nimemwomba tajiri ampe nafasi ya trela la Mombasa, na amekubali kwa sharti kwamba safari ya kwanza aende na Jaduong'. Pasipoti ameshaomba, na chanjo ya homa ya manjano anaifuata wiki hii, kwa sababu Malaba hawatamwachia bila kadi. Nafasi yake ya Isebania itabaki wazi. Anayeitaka aje na hukumu yake, vyeti vyake vya utumishi, na namba ya simu ya dereva au utingo aliyewahi kusafiri naye, maana huyo ndiye nitakayempigia kwanza.