Kinyago ni mali: Je, jina la biashara yako ni la nani?

Katika mieleka ya Mexico, inayojulikana kwa jina la lucha libre, mpiganaji anaweza kuzeeka, kuumia au hata kufariki dunia, lakini jina lake likaendelea kupanda ulingoni. Sababu ni kinyago. Watazamaji hawaijui sura iliyo ndani, hivyo wanacholipia kiingilio ni jina na rangi za kinyago chenyewe. Kwa lugha ya uchumi hiyo ni mali, na kila mali ina mwenyewe.

Wapo wanaorithishana kifamilia. El Santo alianza kutumia jina hilo mwaka 1942, akapata umaarufu mkubwa na kucheza filamu zaidi ya 50. Alipofariki Februari 1984 alizikwa na kinyago chake cha rangi ya fedha. Biashara haikufa naye, kwani tangu mwaka 1982 mwanawe alikuwa ulingoni kwa jina la El Hijo del Santo, yaani Mwana wa El Santo. Hasimu wake, Blue Demon, naye alimwachia jina mtoto wake wa kulea.

Lakini yapo majina ambayo mmiliki wake ni kampuni inayoandaa mapambano. Hapo ndipo penye kilio.

Mwaka 2004 kampuni ya CMLL, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilimtambulisha mpiganaji aliyeitwa Místico. Kwa miaka kadhaa alijaza watu katika ukumbi wa Arena México. Mwaka 2011 akahamia kampuni ya WWE ya Marekani. Jina likabaki CMLL, na mwaka 2012 akavishwa mtu mwingine.

Marekani alipewa jina la Sin Cara, nalo likiwa mali ya WWE. Aliposimamishwa kwa siku 30 mwaka huo wa 2011, kampuni ilimvika mwingine kinyago kile kile na maonyesho yakaendelea. Alipoondoka mwaka 2014, huyo wa pili akabaki na jina hilo hadi mwaka 2019.

Aliporejea nyumbani ilibidi aanze upya, kwanza akiitwa Myzteziz, kisha Carístico. Jina la Místico alirudishiwa mwaka 2021, baada ya mrithi wake kuondoka CMLL. Ni miaka 10 ya kukaa mbali na jina alilolijenga kwa jasho lake.

Hata hivyo, kampuni nazo zina hoja. Ndizo zinazogharamia matangazo na kumbi, na mtaji huo hauwezi kuondoka kila mpiganaji anapoondoka. Sheria ya Mexico inaruhusu jina kusajiliwa kama alama ya biashara kwa miaka 10, na usajili kuhuishwa. Aliyesajili ndiye mwenye nguvu, hata kama aliyevuja jasho ni mwingine.

Somo hili halihusu mieleka peke yake. Mkulima anayefungasha asali au unga kwa jina alilobuni mwenyewe, kisha akamwachia msambazaji alisajili, amempa kinyago chake. Siku wakikosana, msambazaji atatafuta unga kwa mwingine, na wateja wataendelea kununua jina lile lile. Kabla hujatia sahihi mkataba, uliza kwanza: tukiachana, jina linabaki kwa nani?