Gambiti ya Malkia: Askari wa Bure Anayeweza Kukugharimu Mchezo

Ukicheza sataranji, au chesi kama wengi tunavyoiita, lazima utakutana na Gambiti ya Malkia. Jina lake lilivuma 2020 kupitia tamthilia ya Netflix, ila ufunguzi wenyewe una umri wa miaka 500 hivi.

Hatua zake ni chache. Mwenye kete nyeupe anaweka askari d4, mwenzake anajibu d5, kisha nyeupe anasogeza askari mwingine c4, mahali anapoweza kuliwa. Wengi wanakariri hatua hizi halafu wanakwama, kwa sababu hawajui kila upande unatafuta nini. Kinachogombewa hapa ni katikati ya ubao, sio askari mmoja.

Ukimla yule askari

Tuseme mwenye nyeusi kamla. Nyeupe anacheza e3, na sasa askofu wake anamwinda askari aliyekula. Nyeusi anaona amlinde kwa b5. Hapo ndipo wengi wanapoumia!

Nyeupe anapiga a4. Nyeusi anaongeza ulinzi kwa c6. Nyeupe anakula b5, nyeusi analipiza hapohapo, kisha malkia mweupe anatua f3. Njia yote hadi ngome ya a8 iko wazi. Ili kuiokoa ngome, nyeusi lazima apoteze farasi au askofu.

Kwa hiyo ukimla, usimng'ang'anie. Toa farasi f6, cheza e6, halafu sukuma c5. Askari mrudishe, wewe pata nafasi ya kucheza.

Ukikataa kumla

Wengi wanapendelea kukataa kwa e6. Ngome ya katikati inakuwa imara, ila kuna gharama: askofu wa c8 anafungiwa na askari wake mwenyewe. Mpango wa nyeusi ni kumweka mfalme salama kwanza, kisha kusukuma c5 au e5 wakati ukifika, ili kete zake zipumue.

Nyeupe naye anatoa farasi c3 na askofu g5, akimbana farasi wa f6 anayesaidia kulinda d5. Ndoto yake ni kusukuma e4.

Njia yake nyingine ni kubadilishana askari pale d5, kisha kupeleka askari wa b hadi b5. Lengo ni kuvuruga safu ya nyeusi upande wa malkia ili abaki na askari dhaifu pale c6. Nyeusi asikae akisubiri: askofu wake ameshafunguliwa njia, basi apeleke farasi e4 na kumwandama mfalme upande wa pili.

Nani ananufaika zaidi?

Mwaka 1927, José Raúl Capablanca na Alexander Alekhine walipigania ubingwa wa dunia kule Buenos Aires, Argentina. Walicheza michezo 34, na 32 kati ya hiyo ilikuwa Gambiti ya Malkia iliyokataliwa. Alekhine alishinda 6, Capablanca 3, na 25 ikaisha sare. Pande zote mbili zinaweza kuishi hapa.

Kwa hiyo ukiwekewa askari pale c4, usiulize tu kama analika. Jiulize ukimla, katikati utamwachia nani.