Vumbi la Maua Katika Hewa ya Mji

Kila ua lina kazi yake, nayo ni kuleta mbegu. Kwa mimea mingi, ili mbegu ipatikane, unga mwembamba wa ua moja hauna budi kufika katika ua jingine la jinsi ile ile. Unga huo huitwa chavua. Maua yenye rangi nzuri hupelekewa chavua na nyuki na vipepeo. Lakini nyasi, na miti mingi ya nchi za baridi, hazina mjumbe ila upepo. Na kwa kuwa upepo haujui njia, mimea hiyo hutoa chavua kwa wingi sana, nayo huruka mbali, hata ikaingia mijini, madirishani na puani mwa watu.

Watu wengi huivuta wasidhurike. Lakini wako ambao miili yao huidhania kuwa adui. Hao hupiga chafya mfululizo, macho huwawasha na kutoka machozi, na wengine hushikwa na pumu. Zamani katika Uingereza, ambako maradhi haya huja nyasi zinapochanua, sababu yake haikujulikana. Wengine walidhani ni joto la jua, wengine harufu ya majani makavu.

Aliyeitafuta sababu kwa subira ni daktari wa mji wa Manchester, jina lake Charles Blackley, ambaye mwenyewe aliteswa na maradhi hayo kila mwaka. Siku moja watoto walitia nyasi zilizochanua katika chombo cha maua nyumbani mwake. Alipozitikisa, vumbi lake likampata usoni, na mara akaanza kupiga chafya. Basi tangu mwaka 1859 akafanya majaribio, na mwili alioujaribu ulikuwa wake mwenyewe. Alitia chavua puani, akaipaka mkononi mahali palipokwaruzwa, akaona ngozi inavimba.

Kisha akataka kujua chavua iliyo hewani ni kiasi gani. Akachukua vipande vya kioo, akavipaka kitu cha kunata, akaviweka wazi upeponi, halafu akazihesabu chembe moja moja kwa hadubini. Akarusha na tiara iliyochukua vioo hivyo zaidi ya futi 1,000 juu, akaona kwamba huko nako chavua imejaa. Hivyo akafahamu ya kuwa upepo waweza kuichukua mbali sana na mashamba. Habari hizi alizichapa katika kitabu mwaka 1873.

Lakini kioo kilichowekwa upeponi kina upungufu: hakionyeshi ni hewa kiasi gani iliyopita juu yake. Upungufu huu uliondolewa na Mwingereza mwingine, Jim Hirst, aliyechunguza maradhi ya mimea huko Rothamsted. Mwaka 1952 alieleza habari za mashine yake. Mashine hiyo huvuta hewa lita 10 kila dakika, karibu na kiasi avutacho mtu aliyetulia. Hewa huingia kwa tundu jembamba, na chembe zake hunata juu ya kioo chenye mafuta, kinachosogezwa polepole kwa mtambo wa saa, milimita 2 kila saa. Kwa hiyo mwenye kuhesabu hajui idadi tu, bali hata saa ambayo chavua ilizidi. Kwa siku nzima mashine huvuta lita 14,400. Naye hupiga hesabu apate kusema ni chembe ngapi zilizomo katika kila mita moja ya ujazo wa hewa.

Leo mashine za namna hiyo huwekwa juu ya mapaa ya nyumba za ghorofa katika miji mingi, na hesabu yake hutangazwa ili wagonjwa wajue siku mbaya.

Faida ya kuhesabu ilionekana kwa majonzi katika mji wa Melbourne, nchi ya Australia. Tarehe 21 Novemba 2016 kulikuwa na joto kali, na hewa ilijaa chavua ya nyasi za malisho yaliyo nje ya mji. Jioni ikavuma dhoruba yenye ngurumo. Chembe za chavua zikilowa maji hupasuka vipande vidogo mno. Na vipande hivyo, tofauti na chembe nzima zinazokwama puani, huingia ndani kabisa ya mapafu. Kwa muda wa saa chache maelfu ya watu walishindwa kupumua, wakakimbilia hospitali. Watu 10 walikufa. Wengi wa walioshikwa walikuwa hawajapata kuugua pumu maishani mwao. Walichojua ni kupiga chafya tu nyasi zilipochanua.

Tangu mwaka 2017 jimbo la Victoria, ambalo Melbourne ni mji wake mkuu, limekuwa na utaratibu wa kuonya watu. Hesabu ya chavua hulinganishwa na habari za dhoruba inayokuja. Na hatari ikiwa kubwa, watu huambiwa wakae ndani, wafunge madirisha, na wenye pumu wawe na dawa zao karibu.

Hesabu haizuii upepo, wala haimponyi mgonjwa. Lakini humpa nafasi ya kufunga dirisha kabla dhoruba haijafika. Na Waswahili husema, tahadhari kabla ya hatari.