Muziki wa Mashine

Jumamosi moja muhula huu ilifika zamu yangu ya kuchagua muziki katika chama chetu, nami nikawapigia wenzangu "Headhunter" ya kundi la Front 242. Wimbo haukufika nusu, mmoja akapaza sauti, "Hiyo si ngoma, ni mashine ya kusaga unga!" Wote wakacheka, na muziki ukazimwa. Mhariri amenipa nafasi hii nijitetee.

Kundi hili lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1981 na Daniel Bressanutti na Dirk Bergen. Mwaka uliofuata waliingia Patrick Codenys na mwimbaji Jean-Luc De Meyer, na mwaka 1983 Richard Jonckheere, mpigaji wa ngoma za umeme na mrukaji hodari wa jukwaani.

Chombo chao kikuu ni sinthesaiza, kisicho na nyuzi wala ngozi. Umeme hutikisika ndani yake; ukitikisika upesi sauti hupanda, ukitikisika polepole sauti hushuka. Chombo kingine, sikwensa, hushika noti ulizokipa na kuzirudia bila kuchoka. Hapo ndipo mwenzangu aliposikia mashine ya unga, wala hakukosea sana! Lakini mashine ya unga haijui kunyamaza. Sikilizeni vizuri: ngoma nzito hushika mwendo wa miguu, besi hupenya kati ya mapigo, kisha vyote hukatwa ghafula na mwimbaji huachwa peke yake.

Santuri yao kubwa ya kwanza, Geography ya mwaka 1982, ina sauti nyembamba na baridi. Baadaye wakapata sampla, chombo kinachonasa sauti yoyote ya duniani na kuigeuza noti. Wakanasa maneno ya redio na televisheni. Katika "Welcome to Paradise" utamsikia mhubiri wa Kimarekani akikatwakatwa katikati ya ngoma. Wimbo huo na "Headhunter" umo katika Front by Front ya mwaka 1988, na kwangu hicho ndicho kilele chao. Santuri mbili za mwaka 1993 zimejaa vishindo hata zanichosha. Kisha ikapita miaka kumi mpaka Pulse, ya mwaka 2003, iliyo laini zaidi.

Walipenda kuvaa kijeshi na miwani myeusi, na watu wengine wakawadhania kuwa wapenda ubabe. Wenyewe walikana. Mimi nawaamini, ingawa mtu akivaa kiaskari asishangae akiulizwa vita viko wapi.

Jambo la kunifurahisha ni hili: miaka ya baadaye, katika maonyesho, walimweka jukwaani mpiga ngoma wa kweli, jasho likimtoka kando ya mashine zile zile. Waliwaaga wapenzi wao mjini Brussels mwezi Januari 2025.

Zamu yangu itarudi muhula ujao. Nitaupiga wimbo ule ule, na ninaomba safari hii uachwe ufike mwisho.